Kikombe cha Kwanza cha Mama Shamimu

Belise, Zaituni, na ninyi wengine mtakaokuja kushika birika baada yao.

Birika la chai halisuguliwi ndani kwa sabuni. Naanza na hilo kwa sababu juzi nilipopita hapo Gitega nililikuta limesuguliwa mpaka linang'aa, na Zaituni amesimama kando yake anangoja sifa. Mdogo wangu, nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa umechoka na vidole vyako vilikuwa vimejikunja kwa baridi ya maji. Sasa nasema. Ule weusi wa ndani si uchafu, ni chai zote zilizopita humo. Suuza kwa maji ya moto, ligeuze kifudifudi, liache likauke. Ukilipaka sabuni, mteja wa asubuhi anakunywa chai yenye harufu ya shati lililofuliwa.

Mnajua nimestaafu. Huku kwetu Giteranyi watu wanacheka nikisema hivyo, maana meno yangu yako yote, na mama yangu ambaye ndiye angepaswa kustaafu bado anaamka kwenda kulima. Lakini nilianza kupuliza makaa nikiwa msichana, na kifua changu kimeweka moshi wote ule kama mtu anayeweka akiba. Daktari alisikiliza mgongo wangu, akauliza napika nini. Nikasema chai. Akasema, basi, imetosha. Nikarudi. Nimepanda mchaichai kando ya nyumba na tangawizi nyuma ya migomba, na nina ndoto kwamba siku moja kantini zote za Muyinga zitapika kwa tangawizi ya shamba langu. Chekeni tu. Mimi bila ndoto sijui kuamka.

Mliniomba niwaachie namna ya kupika. Nitawaachia, ila itabidi mvumilie habari za Mama Shamimu katikati, kwa sababu kila ninachojua kuhusu chai nimekiona kwanza mkononi mwake. Ninyi mlimjua akiwa mzee wa kukaa kwenye kiti hapo Gitega, kwa binti yake Shamimu ambaye ni tajiri wenu wa kazi, anakunywa ile chai yake nyeusi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Mlikuwa mnaniuliza, dada Konso, ile ni chai gani? Nilikuwa nasema nitawaambia. Tumeshamzika. Sasa nawaambia.

Nilifika kwake Muyinga mjini nikitoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikulia huko, shule yangu iliishia huko darasa la saba, na Kiswahili changu kilikuwa cha huko, kwa hiyo watu wa mtaa wa Waswahili walikuwa wananiita Mtangazaji, eti naongea kama redio. Mama Shamimu alikuwa na kantini ndogo ya chai na maandazi, ukuta kwa ukuta na Mzee Rashidi fundi cherehani. Asubuhi ya kwanza alinipa sufuria, sukari na kopo la majani, akasema, "Pika, nione."

Basi nikapika kama nilivyofundishwa. Kambini majani ya chai yalikuwa yanaisha mapema, na sukari kidogo inabaki. Kwa hiyo mama zetu walikuwa wanaunguza sukari kwenye sufuria kavu mpaka inakuwa nyeusi, kisha wanamimina maji. Rangi inatoka, nzuri kabisa. Sisi watoto tuliiita chai, na ilikuwa chai. Mimi sikujua kwamba ni kitu cha kufanya pale tu majani yanapokosekana. Nilidhani ndiyo njia. Nikaunguza sukari ya Mama Shamimu mpaka moshi ukawatoa wateja nje.

Akaja mbio na upawa mkononi. "We mutoto! Iko nini hii? Unanichomea nyumba?"

"Natafuta rangi, Mama."

"Rangi? Na hii majani yote kwenye kopo iko ya nini? Ya kufukuza mbu?"

Wateja wakacheka. Mzee Rashidi akaingiza kichwa dirishani, sindano ikiwa bado mdomoni, akasema, "Mumuache. Huyu anatupikia lami, serikali itengeneze barabara."

Nikalia. Sikulia kwa ajili ya kuchekwa, nililia kwa ajili ya sukari. Mama Shamimu akanitazama kidogo, akachukua maji, akayamimina humo humo kwenye ile sukari iliyoungua, akachota kikombe, akasimama mlangoni pa jiko, akanywa.

"Iko chungu," akasema. "Mais lakini iko chai. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Basi ile ya mama yako usiimwage. Kunywa, umalize. Kisha njoo nikuonyeshe ya hapa."

Kile kitendo chake cha kusimama mlangoni na kunywa ndicho ninachotaka mkielewe kuliko vipimo vyote. Mnajua kwetu huku mwenye pombe ya ndizi hampi mgeni kabla ya kuonja mwenyewe, mgeni akimwona. Mama Shamimu hakuwahi kunywa pombe, alikuwa mtu wa swala, lakini desturi ile ya majirani aliichukua akaileta kwenye chai. Aliniambia aliianza miaka ya vita, wakati watu walikuwa wanaogopa sumu kwenye sufuria ya jirani. Alisema, kama mutu anaogopa mukono yangu, basi anione nakunywa kwanza. Vita viliisha, yeye hakuacha. Kila sufuria mpya ikitoka motoni, kabla kikombe chochote hakijaenda kwa mteja, aliyepika anasimama mlangoni, wote wanamwona, anakunywa, anasema kwa sauti, "Iko sawa," au "Haiko sawa." Ikiwa haiko sawa inamwagwa mtaroni mbele yao, inapikwa nyingine. Hakuna neno la katikati. Hakuna "jaribuni tu leo."

Na alikuwa na maneno yake, anayasema akifunga kilemba: "Siku mi nitashindwa kunywa kikombe cha kwanza, mufunge mulango."

Sasa namna ya hapa, aliyonionyesha. Maji yasikilize. Yakianza kupata moto yananong'ona, baadaye yanapiga kelele nyingi, na wewe mgeni wa kazi utadhani yamechemka, utatupa majani. Ngoja. Yakichemka kweli kelele inashuka. Hapo ndipo. Kama ni chai ya rangi, weka majani, toa motoni saa ile ile, funika kwa sahani na kitambaa juu ya sahani, nenda ukaandalie maandazi, urudi. Chai ya rangi ikibaki motoni inakuwa dawa ya minyoo.

Ya maziwa ni habari nyingine. Sufuria ipitishe maji baridi kwanza, usiipanguse, ndipo mimina maziwa, hayatashika chini. Tangawizi iponde, ichemke na maji peke yake mpaka ilainike. Ukiitupa mbichi kwenye maziwa, yatakatika, halafu utakuja kumlaumu ng'ombe. Majani baada ya tangawizi, maziwa baada ya majani. Yakipanda, chota kwa upawa, inua juu, mimina, inua tena, mpaka povu litulie. Mchaichai ufungeni fundo kama kamba, uingie mwisho, utoke kabla ya kuchuja. Na chupa ya chai ya rangi isiwekewe ya maziwa hata siku moja. Kifuniko kinakumbuka.

Watu nao muwajue. Wakulima wa Buhinyuza wakija sokoni wanataka sukari mpaka kijiko kisimame, kwa sababu wametembea. Msiwahubirie. Hapo Gitega watu wa ofisi wanataka ule mfuko mdogo wa kamba, maji kwenye glasi, maziwa pembeni kwenye kikombe kidogo, kila kitu kivyake kama mashemeji waliogombana. Nilipofika Gitega nilidharau mfuko wa kamba. Siku moja bwana mmoja aliuzamisha, akautoa, akaukamua kwa vidole, akauzamisha tena, akautazama kama mgonjwa asiyepona, akaniambia kwa upole, "Dada, huyu amekataa." Nilikuwa nimempa maji ya chupa ya tangu asubuhi. Mfuko hauna kosa. Hata huo unataka maji yaliyonyamaza dakika ile ile. Tangu siku hiyo niliuheshimu, na yule bwana mpaka leo akiniona anauliza, "Amekubali?"

Sasa nirudi Muyinga, maana hapa ndipo penye uzito.

Ilianza na tangawizi. Msimu mmoja wa mvua Mama Shamimu aliumwa homa, akalala, akapona, akarudi jikoni. Baada ya hapo tangawizi ikaanza kuongezeka. Mwanzoni watu walifurahi, baridi ilikuwepo. Kisha ikazidi. Mzee Rashidi akafungua vifungo vya koti, akasema, "Mama Shamimu, chai ya leo imenivua nguo." Akajibu, "Iko baridi, Rashidi, nakusaidia." Wakacheka wote wawili. Wiki iliyofuata ilizidi tena, na safari hii Mzee Rashidi hakusema kitu.

Watu wa Buhinyuza wakaanza kuagiza chai ya rangi. Mmoja alisema daktari amemkataza maziwa. Wa pili naye daktari amemkataza. Alipofika wa tatu Mama Shamimu akamuuliza, "Huyu daktari yenu anachukia ng'ombe?" Yule mkulima akainamisha kichwa, akasema, "Leta tu hiyo ya maziwa, Mama." Akanywa yote, machozi yanamtoka, akashukuru.

Mimi nilikuwa namwona alipokuwa anakunywa kikombe cha kwanza. Zamani alikuwa anakunywa na kusema saa ile ile. Sasa alikuwa anaishika chai mdomoni muda mrefu, anatazama mabati, kama mtu anayegonga mlango akingoja kuitikiwa. Kisha anasema, "Iko sawa." Na watu wote wanakunywa. Huo ndio ulikuwa upendo wa mtaa ule kwake. Walikunywa wakanyamaza. Mzee Rashidi alikuwa anabeba kikombe chake kwenda nacho kwenye cherehani, na nilipokuwa nafagia nyuma ya dirisha lake nilikuta udongo umelowa, na sisimizi wamejaa.

"Kwa nini humwambii?" nikamuuliza.

"Mwambie we."

"Mimi kwake ni mtoto."

"Na mi ni mutu niliyeshona kanzu ya ndoa ya bwana yake. Unataka nimwambie nini, Konso? Kwamba ulimi yake imekufa?"

Akakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisijibu.

Shamimu akaja kutoka Gitega kumtembelea. Alikunywa kikombe kimoja, akakiweka chini taratibu, akanifuata jikoni.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa, dada."

"Mais mmenyamaza wote? Mtaa mzima? Franchement, Konso!" Akashika mdomo, maana alitaka kulia na hakutaka mama yake asikie. "Bon. Nitamchukua. Akapumzike Gitega, hapa tufunge. Kesho namwambia."

"Dada, ukimwambia hivyo utamkalisha Gitega kama mzigo ulioshushwa njiani. Huyu hajui kukaa."

"Basi mwambie we, kwa namna unayojua. Mi narudi Gitega, Ijumaa nitakuja. Kama bado hajui, nitasema mimi, na mlango tunafunga."

Ndugu zangu, wiki ile nilifanya mazoezi ya maneno nikiosha vikombe. "Mama, naona umechoka." Hakuwa amechoka, alikuwa ananizidi kwa kazi. "Mama, wateja wanasema." Hawakuwa wanasema chochote. "Mama, ulimi wako." Hapo nilikuwa naachia kikombe ndani ya maji. Nilijua nikikosea neno moja nitamwondolea kitu ambacho hata binti yake hawezi kumrudishia. Watu wa mtaa ule hawakuwa wanamwita kwa jina lake. Walikuwa wanasema "kwa Mama wa chai." Ukimtoa chai, wangemwita nani?

Ikafika Alhamisi. Maziwa yalikuwa yanaletwa na Nyandwi, kijana wa Gasorwe, kwenye bidoni, yaani dumu, aliyofunga nyuma ya baiskeli. Desturi ya Mama Shamimu ilikuwa kufungua kifuniko, kuinama, kuingiza pua, na kusema ama "Mimina" ama "Rudi nayo." Nyandwi aliogopa ile pua kuliko polisi wa barabarani. Siku hiyo mnyororo ulimkatikia njiani, akasukuma baiskeli juani mwendo mrefu, akafika amelowa jasho. Mimi niliisikia harufu ya maziwa nikiwa bado kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa. Yalikuwa yamegeuka.

Mama Shamimu akafungua, akainama, akavuta pua. Akavuta tena. Nyandwi alikuwa ameshashika kifuniko tayari kukifunga, akingoja kufukuzwa.

"Mimina," Mama Shamimu akasema.

Nyandwi akanitazama. "Mama, leo jua lilikuwa kali sana, na mnyororo..."

"Nimesema mimina."

Akamimina kwenye sufuria kubwa. Nikaibeba kuipeleka motoni. Pale kwenye mlango wa jiko kuna kizingiti nilichokivuka kila siku, nakijua kama ninavyojua meno yangu. Nikajikwaa. Maziwa yote yakaenda uani, kuku wakaja mbio, sufuria ikazunguka zunguka mpaka kwenye miguu ya Nyandwi.

Mama Shamimu akasimama pale. Pua ilikuwa imemwacha, lakini macho yake yalikuwa mazima. Maziwa mazuri yakimwagika yanaingia ardhini, yanaacha weupe tu. Haya yalibaki juu ya udongo, madonge madogo madogo, maji yake yakikimbia kando. Aliyatazama muda. Akamtazama Nyandwi aliyekuwa anafunga bidoni bila kuinua kichwa. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimeshika goti ambalo halikuumia.

"Leo tutapika ya rangi," akasema. Akaingia ndani. Siku nzima hakuongea nami zaidi ya "leta" na "peleka."

Ijumaa, baada ya swala, kantini ilijaa kama kawaida ya Ijumaa. Shamimu alikuwa amefika, amekaa karibu na mlango wa barabarani, mkoba magotini. Alinitazama mara moja kuuliza kama nimesema. Nikatikisa kichwa. Akashusha pumzi, akaanza kufungua kidogo kidogo mtandio wake shingoni, kama mtu anayejiandaa kwa kazi nzito.

Mama Shamimu alipika mwenyewe. Hakunipa hata kushika chujio. Chai ikatoka, akachota kikombe cha kwanza, akasimama mlangoni pa jiko kama siku zote. Watu wakawa wanangoja neno lao, ili wanywe, ili wateseke, ili wamshukuru.

Hakunywa. Alikishika kile kikombe mpaka mvuke ukapungua. Kisha akasema, "Konso, njoo hapa."

Nikaenda.

"Onja we."

Cherehani ya Mzee Rashidi ilikuwa inalia upande wa pili. Ikanyamaza. Nikachukua kikombe kwa mikono miwili. Nikanywa. Tangawizi ilinikata kooni, na majani yalikuwa yamechemka mpaka yameacha ukakasi. Nikainua macho. Shamimu alikuwa anatazama sakafu. Mzee Rashidi alikuwa ameshafika dirishani, ananikodolea macho, midomo yake inatengeneza bila sauti: sema iko sawa, mwanangu, sema iko sawa.

Na mimi nilitaka kusema hivyo. Ningesema, wote wangekunywa, siku ingepita. Lakini alikuwa amesimama pembeni yangu, karibu kabisa, na nilisikia pumzi yake jinsi alivyoizuia. Hakuwa amenipa kikombe ili nimfiche.

"Haiko sawa, Mama," nikasema.

"Sema wasikie."

"Haiko sawa. Tangawizi imezidi. Na majani yamechemka."

Mama Shamimu akachukua vitambaa viwili, akaibeba sufuria mwenyewe, akapita katikati ya wateja, akatoka nje, akaimwaga yote mtaroni. Akarudi. Akanipa upawa.

"Pika ingine," akasema.

Kisha, kitu ambacho sikuwahi kukiona, akaenda kwenye benchi ya wateja akakaa. Mzee Rashidi, ambaye wakati huo alikuwa ameshazunguka kuingia ndani, akakaa karibu naye.

"Karibu upande huu, Mama Shamimu. Mais nakuonya, huku wanatuchelewesha sana."

"Nasikia huyu mupishi mupya anachoma sukari," akajibu.

Watu wakacheka, na wengine walikuwa wanacheka wakijifuta macho. Shamimu hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye mlango wa barabarani, akashika ubao wa kuufungia. Alikuwa anakumbuka maneno ya mama yake kuliko sisi sote, na alidhani siku imefika.

"Unafanya nini?" mama yake akamuuliza.

"Mama, ulisema mwenyewe..."

"Acha mulango. Kikombe cha kwanza kimenywewa."

Nilipika nikiwa sioni vizuri, na si moshi tu. Nikasimama mlangoni, nikanywa, nikasema iko sawa, na ilikuwa sawa. Nikampelekea yeye cha pili, kama mteja. Akanywa, akasema, "Iko moto." Basi. Hakusema zaidi, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema asichokijua.

Watu walipotoka tukabaki sisi watatu tunakusanya vikombe. Ndipo akasema, bila kututazama, "Ile kali ya tangawizi naisikia. Sukari naisikia. Ingine yote iko maji. Maziwa iko maji. Mchaichai iko maji."

"Kwa nini hukutuambia?" Shamimu akauliza.

"Nilikuwa naongeza ili nifikie pale ilikuwa. Nilisema labda iko mbele kidogo."

Shamimu akageukia ukuta. Mimi nikaenda jikoni, kwa sababu sijui kufariji kwa maneno, nilichonacho ni moto tu. Nikafikiria: kama anasikia utamu na anasikia ukali, huenda uchungu pia anausikia. Nikaweka sufuria kavu motoni. Nikaweka sukari. Moshi ulipotoka nikamsikia Mzee Rashidi upande wa pili anakohoa na kusema, "Lami tena!"

Nikampelekea. Akapuliza, akanywa, akaishika mdomoni, akatazama mabati kama alivyozoea. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya wateja.

"Hii iko," akasema.

Akanywa tena. "Hii naisikia. Iko chungu mbele, halafu tamu inakuja nyuma yake." Akamgeukia binti yake. "Shamimu, njoo uonje. Ni ile chai ya mama yake Konso."

Alikaa Muyinga miaka mingine akiwa upande wa benchi, akiniita niongeze hiki na kupunguza kile kwa kusikiliza tu sauti ya maji kutoka alipokaa, na hakukosea. Magoti yalipokataa, Shamimu alimhamishia Gitega, nami nikafuata. Mengine mnayajua.

Kwa hiyo hii ndiyo ile chai. Kuna siku atakuja mtu mzima hapo kantini, au aliyetoka kwenye homa, atarudisha kikombe na kusema chai yenu ni maji moto. Msibishane naye. Msimwongezee tangawizi. Chukueni sufuria kavu, sukari vijiko viwili, moto mdogo. Itayeyuka, itakuwa ya njano, itakuwa ya kahawia. Msiogope, bado. Ikianza kutoa moshi na kufanya mapovu meusi, mimineni maji ya moto, mkisimama mbali kwa sababu inaruka na inaunguza. Acheni ichemke mpaka madonge yote yaishe chini. Majani ni hiari.

Halafu Belise, au Zaituni, yeyote aliyeshika upawa siku hiyo, usimpelekee bado. Simama mlangoni anapokuona, unywe wewe kwanza.